Kukitembelea Kisiwa: Kwa Landrova au kwa Miguu Yetu?

Wazee wetu walisema kwamba mtembezi hula miguu yake. Methali hii aghalabu hutumiwa kumkanya mtu anayezurura pasipo kazi. Lakini kwa mtu aliyekwenda ugenini kupumzika ina maana nyingine pia, nayo ni kwamba kila mwendo una gharama yake. Na gharama hiyo isipolipwa kwa fedha, hulipwa kwa miguu, au kwa muda, au kwa jambo ambalo msafiri alilipita bila ya kuliona.

Katika kurasa hizi twapenda kulijadili swali ambalo huenda likaonekana dogo. Mtu aliyepata siku chache za likizo, akavuka bahari kwenda kisiwani, je, yafaa akodi Landrova pamoja na mwongozaji wa kumzungusha, ama ajitembelee mwenyewe kwa daladala na kwa miguu? Swali hilo tulikutana nalo sisi wenyewe, walimu watatu wa shule moja ya sekondari mkoani Tabora, tulipokwenda Unguja katika likizo ya Desemba. Tulilijibu vibaya kwanza, kisha tukalijibu vizuri kidogo. Twayaeleza yaliyotupata kwa kuwa twaamini kwamba kosa lililosimuliwa kwa uaminifu hufundisha zaidi kuliko sifa.

Hatukuwa watatu tu. Pamoja nasi alikuwapo mzee, baba wa mwenzetu mmoja, ambaye umri wake umepita miaka themanini. Mzee huyu aliwahi kufika Unguja alipokuwa kijana, mwaka 1957, katika kundi la vijana wa bara waliokwenda kuchuma karafuu. Enzi zile jambo hilo lilikuwa la kawaida: kila msimu wa karafuu ulipokaribia, Wanyamwezi, Wasukuma, Wazaramo na watu wa makabila mengine walivuka bahari kutafuta kibarua katika mashamba makubwa ya kisiwani. Mzee alikaa misimu miwili, akarudi kwao, akaoa, akalima, wala hakuvuka bahari tena. Aliposikia kwamba twakwenda Unguja aliomba jambo moja tu, nalo ni kulitazama tena lile shamba. Sisi tukakubali kwa furaha, kama watu wanavyokubali jambo ambalo hawajalifikiria.

Yafaa kwanza tueleze hali ya kisiwa chenyewe, maana uamuzi wa namna ya kutembea hutegemea ardhi anayoitembea mtu. Unguja ina urefu wa kilomita 85 hivi kutoka kaskazini hadi kusini, na upana usiofika kilomita 40. Mtu anayeitazama katika ramani hudhani kwamba ataimaliza kwa siku moja. Lakini ndani ya udogo huo zimo nchi mbili. Upande wa magharibi na katikati, ardhi ni ya udongo wenye rutuba, na huko ndiko iliko minazi, migomba na mikarafuu. Upande wa mashariki na kusini ni nchi ya uwanda, yaani nchi ya mawe ya matumbawe, ambako mkulima hupanda muhogo wake katika vishimo vya udongo baina ya mawe, na ambako watu kwa karne nyingi wametegemea bahari kuliko shamba. Barabara kuu ni za lami na daladala hupita. Lakini mtu akiiacha lami, hukutana na njia nyembamba za udongo ambazo hutelemka na kunata wakati wa mvua, ama na njia za mawe makali ambazo gari dogo haliziwezi.

Ni kwa sababu ya njia hizo ndipo ilipozuka biashara ya kuwazungusha wageni kwa magari ya namna ya Landrova. Mgeni hulipa fedha ya siku nzima. Asubuhi hufuatwa mlangoni pake, hupelekwa kwenye mashamba ya viungo, kisha kwenye hamamu ya Kidichi iliyojengwa mwaka 1850 katika enzi ya Sayyid Said bin Sultan kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi, kisha kwenye msitu wa Jozani kuwaona kima punju, na mwishowe ufukweni kuoga na kula. Jioni hurudishwa mjini. Mwongozaji hutakiwa kuwa na kibali cha Kamisheni ya Utalii ya Zanzibar, na kazi yake ni kueleza kila kinachoonekana.

Usiku wa kwanza, tukiwa barazani kwa nyumba ya wageni, tulilijadili jambo hili. Mmoja wetu alisema kwamba Landrova ni ya wageni kutoka Ulaya; kwamba ni aibu kwa Mtanzania kuzungushwa katika nchi yake mwenyewe kama mtoto anayeshikwa mkono; na kwamba atakayetaka kuwajua watu na apande gari wanalolipanda watu. Wa pili aliitazama bei. Gharama ya siku moja ilikaribia theluthi ya mshahara wa mwezi wa mwalimu, na hata tukiigawa watatu, ingekula fedha tuliyoiwekea matumizi ya siku kadhaa. Wa tatu, yule mwenye baba, hakusema neno. Baadaye ndipo tulipotambua sababu ya kimya chake. Magoti ya baba yake yalikuwa yamechoka, hakuweza kupanda daladala iliyojaa wala kwenda mguu mwendo mrefu. Na mwana hakutaka ionekane kwamba wenziwe waingie gharama kwa ajili ya mzee wake.

Basi tukaamua kwenda kwa daladala. Mzee tulimwambia kwamba apumzike siku hiyo, na habari ya shamba tutaitazama kesho. Naye akajibu, "Haya, wanangu. Nendeni salama."

Lazima tuseme kweli kwamba siku ile ilikuwa na faida kubwa. Tulipanda gari la shamba asubuhi, tukabanana na magunia ya unga, matenga ya samaki na watoto waliopakatwa, tukafika Paje kwa nauli ndogo. Tulifika maji yakiwa yamejaa, na kwa kuwa hatukuwa na gari lililokuwa likitungoja, tulikaa. Yakaanza kutoka. Bahari ilirudi nyuma mbali mno hata pwani nzima ikawa mchanga mtupu wenye vidimbwi, na wanawake wakaingia na kamba na magunia kwenda kwenye mashamba yao ya mwani. Kilimo cha mwani kwa ajili ya kuuza nchi za nje kilianza katika vijiji vya Paje na Jambiani mwaka 1989, na tangu hapo kimekuwa hasa kazi ya wanawake. Mama mmoja tuliyemsaidia kuburuta gunia alitueleza kwamba wanayo aina yenye bei nzuri zaidi, lakini hiyo hufa maji ya pwani yanapozidi kupata joto, kwa hiyo wengi wamebaki na ile yenye bei ndogo. Tulipomwuliza kama wageni huwauliza mambo hayo, alicheka akasema, "Wageni hawana muda, mwalimu. Wakija, maji yamejaa. Wakiondoka, bado yamejaa."

Neno lake lilikuwa la haki. Tulipokuwa tungali tumekaa pale, Landrova mbili zilifika kwa nyakati mbalimbali. Abiria walishuka, wakapiga picha, wakanywa madafu, wakaondoka. Gari huenda kwa saa ya mkononi, na bahari huenda kwa mwezi. Mtu aliyepangiwa nusu saa ufukweni huiona bahari kama mtu aonavyo ukurasa mmoja wa kitabu kilichofunguliwa na upepo.

Tulirudi mjini usiku, tumechoka lakini tumeridhika na busara yetu. Tulimkuta mzee barazani, mahali pale pale tulipomwacha asubuhi. Alikuwa amevaa kanzu yake safi, na juu ya kanzu koti lake la sherehe, na fimbo ameiegemeza magotini. Mwenye nyumba akatueleza kwamba alikwisha kuvaa tangu asubuhi, mara tu tulipoondoka, akakaa hapo siku nzima. Alipoulizwa anamngoja nani, alijibu kwamba huenda vijana wakageuza mawazo wakarudi kumchukua.

Hatukuwa na la kusema. Tulikuwa tumejadiliana juu ya heshima ya Mtanzania katika nchi yake, juu ya fedha na juu ya kuwajua watu, na katika mjadala wote ule hatukumwuliza aliye mkubwa wetu, ambaye ndiye peke yake kati yetu aliyekuwa na jambo la kweli la kufanya kisiwani. Kesho yake alfajiri tulikwenda kukodi Landrova.

Safari hii tulikwenda kwa makini. Kabla ya kutoa fedha tulimwuliza mwongozaji mambo matatu. Kwanza, je, gari litasimama tutakapo sisi, ama pale tu palipoandikwa? Pili, je, yeye ni mwenyeji wa huko tunakokwenda, au ana mwenyeji wa kumwuliza? Tatu, vituo vile vyote vya siku moja, je, vyaweza kupunguzwa? Mwongozaji, kijana wa umri wa wanafunzi wetu waliomaliza miaka michache iliyopita, alitutazama kwa mashaka, kisha akamtazama mzee. Akamwamkia, "Shikamoo, babu." Mzee akaitika, "Marahaba, mjukuu wangu." Hapo ndipo alipotuuliza twataka nini hasa. Tukamweleza. Akasema kwamba ofisini watanung'unika, lakini Jozani na ufukwe tutaviacha.

Katika shamba la viungo alianza kazi yake kama alivyozoea. Alituonyesha mdalasini, iliki, pilipili manga na mzingefuri. Na alipofika penye shina la muhogo alisimama, akaueleza muhogo kwa kirefu, namna unavyopandwa na namna unavyopikwa, kama kwamba sisi watu wa Tabora hatujapata kuuona. Mzee akaangua kicheko. Kijana naye akatahayari, kisha akacheka, akasema, "Mnisamehe, hii ndiyo hotuba yangu ya kila siku. Huisema usingizini." Tangu wakati huo aliacha hotuba, akawa anazungumza.

Walipofika penye mkarafuu mambo yaligeuka. Mzee alikivuta kishada kwa ncha ya fimbo yake, kama mchumaji avutavyo tawi kwa upembo, akaanza kueleza yeye. Karafuu, alisema, huchumwa ingali tumba, kabla haijafunua. Ikifunua, thamani imekwisha. Mchumaji hulipwa kwa pishi, kwa hiyo mikono ilikuwa ikienda mbio, na usiku watu wote walikaa wakichambua makonyo kwa mwanga wa taa. Asubuhi karafuu huanikwa juu ya majamvi, na mvua ikinyesha kila mtu hukimbia. Kijana mwongozaji alisikiliza. Akatoa daftari dogo, akaandika.

Sisi tuliongeza tulilolijua kutoka vitabuni. Mikarafuu haikuwa ya asili ya visiwa hivi. Ilitoka visiwa vya Maluku, Indonesia, ikaingizwa Unguja mwanzoni mwa karne ya 19, na mashamba yakapanuliwa kwa nguvu za watumwa. Mwaka 1872 kimbunga kiliing'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na tangu hapo Pemba ndiyo iliyotoa karafuu nyingi zaidi. Mzee alisikiliza kwa adabu, kisha akasema, "Hayo ni ya kweli. Sasa twende."

Tukaiacha lami, tukaingia njia ya udongo mwekundu iliyolowa mvua ya vuli, ambayo daladala haiingii na ambayo magoti ya mzee yasingeiweza. Alikumbuka kisima na mwembe mkubwa uliogawanyika mara mbili. Kijana alisimamisha gari mara tano au sita kuuliza. Tatizo lilikuwa hili: shamba alilolitafuta mzee lilikuwa kubwa, mali ya bwana mmoja, na lilikuwa na nyumba ya ghorofa na sakafu ya kuanikia. Lakini baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 mashamba makubwa yalichukuliwa na Serikali, na wananchi wakagawiwa eka tatu tatu. Kwa hiyo mahali pa shamba moja palikuwa sasa na mashamba mengi, yenye nyumba ndogo, migomba, mihogo na mikarafuu michache iliyozeeka. Mzee alikuwa akitafuta kitu ambacho historia ilikwisha kukigawa.

Hatimaye tuliufikia mwembe. Mama mmoja wa makamo, ambaye babake alipewa eka zake tatu mahali pale, alitukaribisha, akamtolea mzee kiti. Mzee akauliza kisima. Kilikuwapo, kimefunikwa kwa zege. Ndipo alipotuambia neno ambalo hata mwanawe hakupata kulisikia. Mwaka 1957 hakuja peke yake. Walikuja wawili, yeye na mwenziwe wa kijiji kimoja. Katika msimu wa pili mwenziwe aliparamia juu mno, akitafuta pishi moja zaidi kabla ya jua kuchwa. Na matawi ya mkarafuu ni mepesi kukatika. Walimzika kesho yake asubuhi, nyuma ya kisima. Mzee alirudi kwao akampa mama wa marehemu ujira wa wote wawili, na mama yule alimwuliza swali moja tu: je, mahali alipolala mwanangu pana kivuli? Yeye akajibu kwamba pana kivuli. Lakini alikuwa na shaka miaka yote ile, kwa kuwa siku ya maziko hakutazama.

Mama mwenye shamba alitupeleka nyuma ya kisima. Aliambiwa na babake, alisema, kwamba hapo ni makaburi ya wachumaji wa bara, na kwamba hapalimwi. Palikuwa na vilima vidogo vya ardhi, visivyo na alama. Hakuna aliyeweza kusema kaburi lipi ni la nani. Mzee hakuuliza. Aliinua uso akatazama juu. Palikuwa na mfenesi mkubwa na mikarafuu miwili, na kivuli chake kilifunika mahali pote. Akakaa chini kwa taabu, mwongozaji akamshika mkono, wakasoma Fatiha. Na yule kati yetu aliye Mkristo akainamisha kichwa akaomba kwa namna yake.

Tulirudi mjini usiku, saa nyingi kupita muda tulioulipia. Tulipotaka kumwongeza mwongozaji fedha alizikataa kwanza, kisha akazipokea mzee alipomwamuru. Alisema kwamba amepita karibu na njia ile mamia ya mara, akieleza iliki na mdalasini, wala hakujua.

Sasa, ndugu wasomaji, turudi kwenye swali letu. Je, safari ya Landrova yenye mwongozaji humfaa mtu katika likizo yake ya kisiwani? Kwa maoni yetu jibu hupatikana kwa kutazama mambo manne.

La kwanza ni watu walio pamoja nawe. Akiwapo mzee, mgonjwa, mjamzito au mtoto mdogo, gari si anasa. Ndiyo miguu ya yule asiye na miguu. Lakini lazima vilevile kumwuliza mwenyewe, maana mtikiso wa njia za mawe nao si wa kila mgongo.

La pili ni njia na majira. Katika masika, kuanzia Machi hadi Mei, na wakati wa vuli, njia za ndani hudai gari lenye nguvu. Ikiwa safari yako ni ya Paje, Nungwi au Makunduchi, lami ipo na daladala zipo. Hapo kukodi gari ni kununua upweke kwa bei kubwa.

La tatu ni idadi ya vituo. Safari yenye vituo sita kwa siku moja humpa mtu picha sita. Afadhali viwili vyenye nafasi ya kukaa. Mwongozaji asiyekubali kupunguza vituo huyo anauza barabara, hauzi kisiwa. Na gari lisipitishwe ufukweni, wala watu wasipigwe picha bila ya idhini, wala mgeni asiingie kijijini nusu uchi, wala asile hadharani mchana wa Ramadhani. Wasemao mgeni njoo mwenyeji apone hawakukusudia mgeni wa kumjeruhi mwenyeji.

La nne, na kubwa zaidi, ni mwongozaji mwenyewe. Aliyehifadhi hotuba ataeleza muhogo kwa Mnyamwezi. Lakini ndani ya hotuba ile yumo kijana wa nchi hii, mwenye macho na masikio, na akiulizwa kwa heshima huiacha hotuba akawa mwenyeji. Kazi yake ni ndugu ya kazi yetu sisi walimu, na hatari yake ndiyo yetu: kuyarudia maneno hata tukasahau kuwatazama wanaotusikiliza.

Yule mwenzetu aliyesema kwamba ni aibu kuzungushwa katika nchi yako hakukosea kabisa. Aibu ipo, lakini haimo katika gari. Sisi tuliionja siku ile tuliyotembea kwa miguu yetu wenyewe tukamwacha barazani mtu aliyevaa koti lake la sherehe. Wanafunzi watakaosoma maneno haya watapata siku moja likizo zao, na huenda fedha zao zikawa nyingi kuliko zetu au chache zaidi. Kabla ya kuuliza bei ya gari, na waulize kwanza ni nani kati yao mwenye jambo huko waendako.